Ngazi Kumi na Moja

Mwaka huu zamu yangu kuchagua.
Februari, Youngstown, theluji imefika dirishani,
nami nimeitandaza Carolina ya Kusini
juu ya meza ya jikoni: vijitabu vitatu vinavyong'aa,
bahari tatu za buluu isiyokuwapo duniani.

Tuko wanane, na kila mmoja na lake.
Verlin anataka uwanja wa gofu uwe karibu,
"nikipiga chafya mpira uanguke shimoni."
Stosh haulizi uwanja, anauliza baa inafungwa saa ngapi.
Arden anakoroma kama trekta lililokwama topeni;
hakuna atakayelala naye chumba kimoja, hata kwa kulipwa.
Clem ametuma ujumbe mara nne juu ya mayai:
kifungua kinywa kimo ndani ya bei, au ndiyo tunakamuliwa?
Mapacha wa Dubrovich wanaomba tu
wasipangwe pamoja. Miaka sitini na sita inatosha.

Emil alisema, "Popote."
Akakata simu.

Emil, aliyetufundisha sote kushika fimbo
nyuma ya kiwanda cha chuma, mwaka kilipofungwa,
tukipiga mipira ya kuokota kuelekea tanuri lililopoa.
Safari iliyopita aliteremka ufukweni kinyumenyume,
mkono ukutani, akisema anaangalia upepo.
Sote tukaangalia upepo.

Basi nikapiga simu. Kuuliza si ujinga.
Kutoka mlangoni hadi mchangani, ngazi ngapi?
Hoteli ya kwanza, kijana akanisomea
habari za mabwawa matano ya kuogelea.
Ya pili wakaniachia muziki; nikakoroga chai, nikainywa,
nikaosha kikombe, muziki bado.
Ya tatu ndiyo kuukuu kuliko zote,
zulia lake lina doa hata pichani.
Aliyepokea anaitwa Latrelle. Akasema, "Sijui. Subiri."
Nikasikia simu ikilazwa, mlango,
kisha kitu kama bahari, au feni.
Akarudi akihema. "Kumi na moja.
Lakini kushoto kuna mteremko wa mbao, una na reli ya kushika.
Reli inalegea kidogo kwa juu. Nitamwambia fundi."

Nikalipa amana papo hapo.

Wenzangu nikawaambia ni kwa sababu ya mayai.
Clem akafurahi. Waliobaki, lawama kama mvua:
Verlin kapima ramani, dakika ishirini na tano hadi uwanjani,
na nyasi zake, kasikia, zina vipara.
Stosh: baa inafungwa saa nne usiku, kwani tunaenda kutubu?
Nilijitetea vibaya. Nilisema zulia ni la kihistoria.

Usiku Emil akapiga. Kimya kwanza;
nikasikia kijiko kikigonga kikombe, kikigonga, kikigonga,
na hakuna kinachokorogwa.
"Umechagua pabovu mwaka huu."
"Pabovu sana."
"Chumba changu ghorofa ya ngapi?"
"Ya chini. Za juu zimejaa."
"Mwezi Machi?"
"Zimejaa, Emil."
Kijiko kikatulia.
"Basi nibebee mipira ile ya njano," akasema.
"Myeupe siku hizi inajificha."