Ukoga

Kutwa nashinda midomoni mwa watu,
kliniki ya meno, Mtaa wa Mkunguni, ghorofa ya pili,
nakwangua ukoga.
Fungua. Zaidi. Sukutua. Tema.
Jioni narudi Upanga, navua viatu,
na ukoga mwingine unaningoja sebuleni
ndani ya tangi la lita mia mbili:
wa kijani, wenye nywele,
umeota juu ya matumbawe kama ndevu za mfiwa.

Nimeupiga vita kwa kila nijualo.
Taa nimezipunguza.
Maji yakipungua najazia ya chupa, yale ya kunywa,
na ya chumvi nayafuata Kunduchi alfajiri, madumu manne,
mlinzi wa geti ananiuliza kama nimeanza uganga.
Nilinunua konokono kumi na wawili kwa Chande wa Feri.
Wakala siku tatu, wakashiba,
wakalala kama wajumbe wa kikao cha mchana.
Tasi, niliyeapiwa kwamba mwani ndio wali wake,
akautazama, akageuza mkia.

Na umeme ukikatika pampu hunyamaza,
nakaa na kikombe, nachota namwaga, nachota namwaga,
samaki wapate pumzi,
na huo mwani, gizani, naapa nausikia ukicheka.

Nikang'oa kwa vidole. Ukarudi.
Nikasugua kwa mswaki mgumu, ule tunaowakataza wagonjwa.
Ukarudi.

Nikapima. Kichupa, matone sita, tikisa, subiri:
maji yakaiva buluu.
Karatasi ya maelekezo haikuuma maneno:
chakula kimezidi.
Chakula? Mimi ninayelisha mara moja kwa siku,
kwa ncha za vidole viwili?

Jumamosi sikwenda kazini.
Nikajibanza jikoni, mlango nimeurudishia nusu.
Saa mbili asubuhi baba akaja,
akagonga kioo kwa ukucha: "Hamjala, wanangu?"
Akanyunyiza.
Saa tatu kasorobo: "Jamani, hamjala?"
Akanyunyiza.
Saa nne. Saa nne na nusu.
Hadi adhuhuri mara saba,
na kila mara ndiyo ya kwanza,
na huruma ile ile, ya moto, haijapoa.

Baba, aliyehesabu makontena bandarini
miaka thelathini na mmoja,
hakupoteza hata moja.

Nilikuwa na maneno. Nikayameza.
Utamwambiaje mtu kwamba amekosa kwa kupenda,
tena kosa ambalo yeye hajalitenda bado?
Nikaficha kopo juu ya kabati.
Akalitafuta siku mbili, chini ya mito, ndani ya viatu,
machozi yakimlenga: viumbe wa Mungu watakufa njaa.
Nikalishusha mwenyewe.

Jumatatu nikampa mswaki.
"Baba, mawe yamechafuka. Wasafishie."
Akakunja mkono wa shati. Akasugua.
Akauweka. Akaketi. Akainuka.
"Siwema! Nyumba hii haina msafishaji?
Hebu ona mawe haya!"
Akasugua.
Mara ya tatu, ya tano, ya tisa,
na kila mara ndiyo ya kwanza.
Kopo likasahauliwa nyuma ya redio.
Mimi nalijua lilipo. Sikumkumbusha.

Mwezi wa pili huu.
Matumbawe yamefumbua,
ya zambarau, na lile la manjano nililokwisha kulizika.
Nayatazama kwa jicho la kazini:
ufizi mzima, hautoi damu.
Jana baba aliniita Dokta,
kwa adabu, kama mgeni,
akaniomba niketi, akaninong'oneza
kuna mtu humu ndani hawalishi hawa samaki.

Nyuma ya pampu kumebaki kishungi kimoja cha kijani.
Kidole changu kinakifikia.
Nimekiacha,
ili kesho saa mbili asubuhi
apate cha kukiona,
ashtuke,
akunje mkono wa shati.