Taa Niliyoifuta Mwenyewe

Miaka sita nimekipiga deki chumba cha upasuaji namba nne,
usiku, Coventry ikiwa imejifunika mvua,
mimi na Halina na ndoo zetu mbili,
ya bluu kwa sakafu, ya njano kwa yale yasiyotajwa.
Nakijua. Najua gurudumu lipi la kitanda hulia,
kigae kipi kina ufa karibu na mlango,
na ile taa kubwa yenye macho saba
naifuta jicho moja moja
kama mama amfutavyo mtoto makamasi.

Basi niambie, hofu hii imeingilia wapi?

Ni mawe tu, alisema daktari. Mawe kwenye nyongo.
Akachora kifuko kama bilinganya changa,
akatia nukta tano ndani yake.
Nilicheka. Nyongo yangu mimi, iliyomeza
maneno ya msimamizi, barua za mwenye nyumba,
simu za nyumbani zinazoanza na salamu na kuishia na ada,
isiote mawe kwa nini? Ingeota jabali.

Usiku sikucheka.
Fomu iko mezani, pembeni ya chupa ya pilipili.
Hatari ni chache, imeandikwa, kisha ikazitaja zote,
na ile ya mwisho kwa herufi ndogo
kama mtu anayenong'ona msibani.
Nikatia sahihi. Mkono ukatetemeka,
Mwanahija akatoka pungufu ya herufi mbili.
Afadhali, nikawaza. Wampasue huyo.

Saa sita, mwisho wa kula.
Nusra amebandika karatasi kwenye friji:
MAMA USILE. HATA CHAI.
Ana miaka kumi na mmoja, anajua kila kitu
isipokuwa kwamba namsikia akilia bafuni, bomba likiwa wazi.
Nami nikafungua bomba la jikoni.
Tukalia hivyo, nyumba nzima ikinguruma maji.

Asubuhi wananiuliza jina. Tarehe ya kuzaliwa.
Mosi Januari, nasema, mara ya kwanza, ya tatu, ya tano.
Siku hiyo nilipewa na karani wa uhamiaji
aliyeona kisanduku kitupu na kalamu ina wino.
Mama alisema tu nilizaliwa mahindi yakitoa mbelewele.
Kwa hiyo kama leo kuna anayeita watu kwa daftari,
na anitafute Januari. Sipo.

Vua pete. Haitoki; wanaifunga kwa plasta.
Vua hijabu; muuguzi ananipa kofia ya karatasi,
anageukia ukuta mpaka niivae.
Vaa kanzu isiyo na mgongo.
Ukiyavulia maji nguo sharti uyaoge, walisema.
Nguo nimevua, wazee wangu, maji siyaoni,
naona dari tu ikipita juu yangu.
Dari! Miaka sita sikuwahi kuitazama.
Ina madoa.

Mlangoni kasimama Halina, glavu mkononi,
zamu yake iliisha saa moja iliyopita.
"Nimepiga mara mbili," ananiambia. "Leo, mara mbili."
Hatujawahi kushikana mikono, mimi naye. Tulishikana,
mpira wa glavu na plasta ya pete.

Kisha nusukaputi. Neno lenyewe lina nusu ndani yake;
nusu nyingine sijui huipeleka wapi.
Daktari wa usingizi ana sauti ya mtu asiye na haraka.
Hesabu kurudi nyuma, anasema,
na taa inawaka, macho yote saba,
na kwenye jicho la tatu, ule mkwaruzo.
Wangu. Wiki ya kwanza kazini, kwa pete hii hii.
Sikumwambia mtu.
Wewe, naiambia. Ni mimi.

Kumi, nasema, kwa Kiswahili,
maana woga wangu haujajifunza Kiingereza.
Tisa.
Nane, na sakafu chini yangu ni safi, najua ni safi,
saba