Kushika Mkia

Ripoti ilisema: wa hamsini na mbili
kati ya wanafunzi hamsini na wawili.
Baba aliisoma mara mbili, akaikunja,
akaisukumia chini ya redio.
"Umeshika mkia," alisema, basi.
Aminieli akatoka na wembe.

Nyuma ya duka la Mangi, hapa Pasua,
palitupwa boksi la friji na povu lake jeupe.
Humo alikata bawa, refu kama mkono wake.
Kijiti cha mishikaki kikawa uti wa mgongo,
puani akabandika nati. Sikuuliza kaitoa wapi.
Tukaipeleka kwenye majani ya uwanja wa ndege,
upande ule ng'ombe wanajichunga wenyewe.

Ya kwanza haikuwa na mkia wa kusema.
Ilinyanyua pua, ikasita,
ikaanguka, ikanyanyua tena,
mlevi anayepanda ngazi ambazo hazipo.
Nilicheka peke yangu.
Alipima mkia kwa vidole: viwili.
Akakata wa vidole vinne. Ikatulia, ila ikawa nzito nyuma.
Akarudisha ule mdogo, akausogeza mbali,
hadi ncha ya kijiti kirefu zaidi.
"Humwoni fundi Kisali na nati za lori?
Anachomeka bomba kwenye spana.
Mkono ni uleule."

Jumanne akasimamisha pezi, kubwa kuliko la perege.
Nikajua sasa imekamilika.
Ikainamia kushoto, ikazidi kuinama,
ikazunguka kwenda chini
kama maji yaliyoona tundu la beseni.
Akapunguza pezi, unene wa kucha. Akarusha.
Unene wa kucha. Akarusha.
Suruali yake ikajaa chenga nyeupe
na mama akauliza nani kamwaga sembe.

"Kwani mkia ndio unaoinua?"
"Hapana, unakandamiza.
Pua nzito, inataka kuzama.
Mkia unakalia nyuma, kidogo tu.
Kasi ikizidi, unakalia zaidi, pua inapanda.
Kasi ikipungua, unaachia.
Hakuna anayeuambia."
Haya aliyasema mtoto
aliyepata nne ya mia kwenye Hisabati.

Jumamosi, kabla jua halijakausha majani,
upepo ukishuka taratibu kutoka mlimani,
aliiachia. Hakuirusha: aliiachia,
kama unavyomwachia mtu mkono akishavuka barabara.

Baba akatokea akiikokota baiskeli,
gurudumu la nyuma linachezacheza.
"Nati yangu iko wapi?"
Aminieli akaonyesha juu.

Baba akaweka kiganja juu ya macho.
Alisimama hivyo muda mrefu kuliko nilivyotegemea.
"Na nani anaiendesha?"
Hatukumjibu. Ilikuwa inapita juu ya ng'ombe;
upepo wa pembeni ukaigonga,
pua ikayumba, ikatafuta,
ikarudi.