Hodi kutoka Chini

Bajeti yetu ilikuwa lari sitini na tatu,
na kumi na mbili kati ya hizo zilimezwa na misumari.
Pazia tulilipata bure: shuka mbili za arusi ya Tsiala
ambazo, alisema, hazina kazi nyingine tena.
Mbalamwezi ilikuwa taa ya mezani ya daktari wa meno
aliyehama akaiacha; tuliiviringishia karatasi za peremende
mpaka ikaanza kunuka sukari inayoungua.
Mvua ilikuwa mchele katika sinia.
Kesho yake tuliupika.

Sebule ya Tsiala, Kutaisi, ghorofa ya tatu, Februari.
Viti kumi na saba vya majirani, kila kimoja na kimo chake,
kabati la vyombo limesukumwa ukutani
na mtu akipiga hatua, vikombe vinasemezana.
Mimi nilikuwa nyuma ya shuka na daftari,
kazi yangu kunong'ona maneno yakimponyoka mtu.
Yaliwaponyoka wote.
Guram, fundi wa breki za mabasi, alimwita mke wa mchezoni
kwa jina la mke wa nyumbani,
na mke wa nyumbani, kiti cha pili, akaitika.

Mchezo tuliutunga wenyewe, jikoni, vuli nzima:
mwanamke anamngoja mume aliyekwenda vitani,
miaka kumi na minane, sahani yake bado mezani.
Katika onyesho la mwisho mlango unabishwa mara tatu.
Anainuka, anasema, "Pita. Haujafungwa."
Taa inazimwa. Watu wapige makofi, wakipenda.

Kubisha ilikuwa kazi ya Otia, mtoto wa miaka kumi na mmoja,
huko jikoni, kwa mwiko.
Otia alikuwa amelala kando ya jiko,
mwiko kaukumbatia.

Tsiala akangoja.
Nikanong'ona "ngo ngo ngo", kama mjinga.
Sahani ile. Taa ile. Sukari inaungua.
Mtu mmoja akakohoa, na kikohozi kikavizunguka viti.
Ndipo sakafu ikagongwa.
Mara tatu, kutoka chini, kwa hasira:
Mzevinar wa ghorofa ya pili na mpini wa ufagio,
kama afanyavyo tukivuta hata kiti.

Tsiala hakuutazama mlango.
Alitazama miguu yake.
Taratibu, kama anayeshuka ngazi zisizokuwepo,
akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya mbao,
akasema kwa sauti ambayo hatukuifanyia mazoezi:
"Pita. Haujafungwa."

Hakuna aliyepiga makofi.
Hapo ndipo tulipojua, sisi watunzi tukiwa wa mwisho kujua,
mume yule alikuwa wapi miaka yote ile.

Asubuhi nikashuka kwa Mzevinar na kipande cha keki ya jozi.
Nikamwomba agonge tena usiku ule, saa tatu kasorobo.
"Mimi," alisema, "nagonga nikikereka. Sigongi kwa kuagizwa."
Keki akaichukua. Mlango akaufunga.

Usiku wa pili watu walizidi viti, wengine wakakalia ndoo.
Otia macho kodo, mwiko tayari, kwa dharura.
Saa tatu kasorobo: kimya.
Tukampa dakika. Tukampa nyingine.
Otia akainua mwiko, nikamshika mkono.
Tsiala alikuwa ameshapiga magoti.
Ndipo ikaja, mara tatu, polepole,
kama hodi ya mtu afikaye nyumba yenye mgonjwa.

Baadaye nilishuka kumpa asante. Mlango wake ulikuwa wazi.
Alikuwa amevaa gauni la kijani, la sherehe, na lulu,
rangi mdomoni, ameketi peke yake chini ya dari yake,
ufagio mapajani,
saa ya ukutani ameishusha, ameiweka mezani mbele yake.
Aliniuliza, bila kunitazama:
"Nilichelewa?"