Swali la Tisa

Swali la tisa: Kiwango cha elimu ya mzazi.
Weka alama kwenye kisanduku kimoja tu.

Tulikuwa watatu kwenye benchi la zahanati ya chuo,
Maseno, saa tisa alasiri,
mvua ya mawe ikigonga mabati
kama mdai asiyesahau siku yake.

Otuoma alimaliza kwanza.
Mama yake mhadhiri, baba mhandisi wa maji.
Alipoacha kula mwezi wa pili
mama alipiga simu moja,
na Jumatatu kijana akapewa chumba chenye pazia,
mshauri mwenye muda, chai ya tangawizi.
Shahada ya mama ilikuwa mwavuli:
mvua iliponyesha, ulifunguka.

Hetal alishika kalamu kama kipimajoto.
Baba yake hupasua vifua vya watu kule Kisumu,
mama yake ni mfamasia.
Mzee wa mzee wao alishuka hapa
reli ingali inanuka grisi.
"Vyeti vya baba vimeujaza ukuta," aliniambia,
"lakini kwenye foleni ya benki bado anaulizwa:
Bosi, duka lako liko mtaa gani?"
Naye hucheka. Hucheka mpaka nyumbani,
kisha hujifungia kwenye chumba cha vitabu.
Mezani hupitishiana dengu na matokeo.
Themanini na moja?
Hizo kumi na tisa umemwachia nani?

Na huku bwenini:
Nyinyi mna shida gani, na pesa zote hizo?
Halafu kwenu hasa ni wapi?
Kwao ni Milimani, nyumba yenye mlimao,
usiku viboko husikika wakilalamika ziwani.
Anawasikia wote. Hajalala tangu Aprili.

Akaweka alama: Uzamivu.
Mshauri akaitazama alama,
akamtazama na yeye, nywele hadi viatu,
akasema, "Wewe umetoka pazuri. Pumzika tu."
Mwavuli uleule.
Kwake uligoma kufunguka.

Na mimi, Ayitso, binti wa muuza omena wa Luanda?
Mama hupima kwa gorogoro
na husaini kwa kidole gumba.
Fomu haikuwa na kisanduku cha gumba.
Kulikuwa na "Hakusoma", pale chini kabisa,
kama kwamba maisha yake yote ni kitu ambacho hakukifanya.

Msidhani nasema gumba ni dawa.
Nilipofeli takwimu nilimficha miezi mitatu,
maana sikupata neno la "kurudia mtihani"
ambalo lisingemfanya auze ndama.
Huzuni kwetu huitwa malaria,
au uvivu, au jicho la jirani,
na nimeshanywa dawa za zote tatu.

Ila kuna jambo moja,
na sijui nilipe kisanduku gani.
Usiku ule Hetal aliketi kitandani mwake,
magoti kidevuni, taa imezimwa,
akasema, "Niazime mama yako."
Nilidhani anatania.
Nikapiga.

Mama hakuuliza ni nani, wala kabila gani,
ingawa sauti ilimfikia ngeni.
Aliuliza, kwa Kiswahili chake cha sokoni:
"Umekula?"

Hetal akanyamaza.
Nikasikia mbwa wa Luanda ndani ya simu,
sufuria ikifunikwa,
mama akisubiri, yeye asiyesubiri mteja.
"Hapana," Hetal akasema. "Hapana, mama. Tangu juzi..."

Na salio likakatika.

Tukakaa gizani tukiitazama simu.
Mama hajui kusoma namba,
lakini anajua kitufe cha kijani kilipo.
Akabipu. Kimya.
Akabipu tena.
Hetal alikuwa akihesabu kwa vidole, polepole,
kama mtoto wa darasa la kwanza.