Karabai ya Maalim Feruzi

Walikuja Tukuyu na gari jeupe
kupiga filamu ya imani na kuzaliwa kwa taifa.
Nilikodiwa kwa siku, elfu arobaini na chakula,
nishike kinasa sauti, nitafsiri Kinyakyusa
pale Kiswahili cha bibi kitakapochoka.

Hakikuchoka.

Mwongozaji, kijana mpole, alimketisha Tusekile barazani,
mgomba nyuma yake, na nyuma ya mgomba
mlima Rungwe, ambao asubuhi ile
ulikataa kutoka kwenye ukungu.
"Bibi, usiku wa bendera, Mungu alikuwa wapi?"

"Sijui. Mimi nilitumwa taa."

Taa gani?

"Karabai. Ya kanisa ilipasuka kioo Jumapili.
Baba, mzee wa kanisa, akaona aibu:
nchi izaliwe gizani kama ndama wa wizi?
Nikateremka kwa Maalim Feruzi, pekupeku,
nikawakuta wanamaliza isha.
Hakuniuliza dini. Aliuliza kama tuna mafuta.
Nikasema hatuna. Akatia mafuta."

Kisha mvua. Mvua ya kwetu haibishi hodi;
ilimwagika juu ya bati kama mahindi ya magunia,
kipimo cha sauti kikalala kwenye wekundu.
Mwongozaji akanipa ishara: zima.
Sikuzima.

"Maalim alikuja mwenyewe, nyuma ya taa yake.
Mlangoni akavua viatu, kwa mazoea tu,
na kanisa letu lilikuwa sakafu ya udongo.
Baba alipomwona, naye akavua.
Basi wakavua wote, waliokuwa navyo.
Sisi wengine tulikuwa tumetangulia.

Saa sita kasoro, karabai ikaanza kukoroma.
Maalim akainama, akapiga pampu.
Watu wakapiga vigelegele, kengele ikalia,
yeye bado anapiga pampu.
Uhuru ulimkuta ameinama."

Filamu ilionyeshwa mwezi wa kumi na mbili.
Profesa mmoja, mbele ya makabati mawili ya vitabu,
alisema dini ilikuwa mhimili wa taifa.
Labda. Simbishii, amesoma.
Bibi yumo, sekunde saba, anatabasamu,
na juu ya midomo yake wamepandisha kwaya.

Mimi ninayo ile mvua, dakika kumi na moja.
Usiku mwingine navaa visikizio, natafuta:
chini ya bati, chini ya mahindi yale,
kuna mkono unapiga goti, *pfu, pfu, pfu*,
bibi akituonyesha pampu ilivyokuwa ikipigwa.

Mwishoni kabisa kuna sauti yangu, ya kijinga kidogo:
"Mliirudisha?"

Anacheka. Anakohoa. Anacheka tena.
"Iko darini. Alisema tukae nayo
mpaka kioo chetu kipatikane."

Halafu mvua.
Halafu, kwa mbali: "Hakijapatikana."