Daftari la Stoo, 1927

Daftari lilianza kuwa la unga.
Ukurasa wa kwanza: mtama pishi arobaini,
mbaazi, njugu mawe, chumvi debe moja na robo.
Sahihi: H. Mkwanda, mweka stoo, Chuo cha Walimu.
Ukurasa wa tisa babu kapiga mstari katikati,
huku kaandika Sisi, huku kaandika Wao,
na toka hapo chakula na mpira vinalala kitanda kimoja.

Mimi ni mkaguzi. Kazi yangu ghala za korosho,
nahesabu magunia ya watu nisiowajua
na tarakimu iliyopikwa naijua kwa harufu.
Hili nililisoma Masasi, sebuleni kwa shangazi,
kalamu nyekundu mkononi, kwa mazoea tu.

Juni. Sisi 1, polisi wa boma 4.
Pembeni: "Walivaa buti. Kolumba kucha mbili."
Hakusema kucha mbili zimefanywa nini.
Julai. Sisi 0, Wao 0. Kibofu kilipasuka,
wakamalizia kwa mpira wa matambara
mpaka Padre akapuliza filimbi kabla ya wakati, kwa huruma.
Agosti wakawafunga misheni ya pili, matatu kwa moja,
yote ya Danstani Namkopi, winga wa kushoto,
na usiku ule, naona, mbaazi zilipungua pishi mbili
bila maelezo.

Hapo ningeandika hoja. Sikuandika.

Septemba jina la Namkopi halimo kwa wanaokula.
Baba yake kafa, kodi ya nyumba mbili imemwangukia,
shilingi ambazo chuo hakikumfundisha kuzipata.
Kaenda kukata mkonge.
"Mdomo mmoja umepungua," kaandika babu,
kisha hakuna mechi mwezi mzima, ni unga,
unga, unga, chumvi.

Oktoba walitembea hadi Lindi. Siku nne.
Ndanda, Nyangao, Mtama, Mingoyo,
watu kumi na wanne na mpira mmoja
waliopokezana kama mtoto aliyefiwa.
"Jua kali. Obadia anaimba Zaburi vibaya."
Walikwenda kucheza na timu ya shamba la mkonge,
wakata majani, viganja vimechorwa na miiba,
na kushoto kwao, amekonda, kaptula ya gunia,
alikuwa yeye.
Filimbi ililia kabla ya salamu.

Haya yafuatayo ni ya shangazi, daftarini hayamo:
kwamba dakika za mwisho, moja kwa moja,
Danstani aliuchukua mpira katikati ya uwanja,
akampita Obadia kwa chenga aliyofundishwa na Obadia,
akampita Kolumba na kucha zake,
akasita mbele ya Bartolomayo golini
kama mtu aliyekosea mlango.
Akapiga.
Na wale kumi na mmoja waliofungwa wakaruka!
Wakamrukia, wakampiga mabega, wakamwita Kipanga,
jina lake la bwenini,
hadi msimamizi wa shamba akafoka:
kwani wameshinda nani hawa?

Nikarudi daftarini. Oktoba 22, Lindi.
Wao 1.
Sisi 2.
Mwandiko umetulia, haujatetemeka popote.

Nimejumlisha msimu ule mara tatu.
Kwa ukweli ni tano kwa saba, tulifungwa.
Kwa babu ni sita kwa sita.
Nimewahi kumsimamisha mtu kazi kwa kosa dogo kuliko hili,
karani wa Nanyumbu, mwenye watoto,
na usiku huo nililala vizuri.

Chini yake, kwa wino uliopauka, Novemba, mvua za kwanza:
"Mtama pishi moja, kwa mpita njia aendaye Lindi,
ampe D.N.
Ikatwe katika fungu langu."
Nilitafuta kama ilikatwa.
Ukurasa wa Desemba umeliwa na mchwa.